Nilishasema: mtoto hali kamba, hali ufuta

Mwenye haraka nimwambie mapema: kama una mtoto mwenye aleji ya chakula, usimpeleke kwenye ule mkahawa wa Kijapani wanaochoma nyama mbele yako kwenye bamba la chuma. Jina silitaji. Tumetoka huko si muda mrefu na mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Binti yangu mdogo hali kamba wala ufuta. Hadeki, wala hachagui chakula. Kamba akimgusa mdomo tu, midomo inavimba, mabaka yanamtoka shingoni na kifua kinaanza kubana. Hapa Unguja tumeshajua kuishi nayo. Mkate wa ufuta hauingii nyumbani kwangu hata Ramadhani, Forodhani tunapita mbali na meza za vyakula vya baharini, na dawa zake zinakaa kwenye mkoba wangu kila tukitoka. Kaka yake ndiye aliyeng'ang'ania twende. Kaona kwenye simu mpishi anarusha yai kwa mwiko na kulidaka kwenye kofia, basi tangu Idi hana wimbo mwengine.

Nikapiga simu kabla ya siku. Nikamwambia aliyepokea, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba kuna mtoto hali kamba, hali ufuta, na mafuta ya ufuta pia yasimguse. Akanijibu, "Hamna shida mama, nimeandika." Kaandika wapi sijui, kwa sababu tulipofika hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

Tulipokaa, baba yao akauliza kuhusu uhalali. Mhudumu akajibu pale pale bila kwenda kuuliza: nguruwe haingii jikoni kwao, nyama ni ya kuchinjwa, na mirin, ule mvinyo mtamu wa mchele ambao Wajapani hutia kwenye sosi, kwao hautumiki, wanatia sukari na siki badala yake. Nilifurahi sana. Nikasema hawa ni watu makini. Kisha nikauliza langu: hii sosi ya kuku ina ufuta? Akatazama dari. "Sidhani." Unasidhani vipi kwenye chakula cha mtoto? Chupa ni ile ile! Aliyeisoma mpaka akajua haina kileo, ufuta ulimshinda nini kuusoma? Kujua wanaweza. Sisi hatukuhesabiwa tu.

Meza zile mnakaa watu wa familia mbalimbali mkilizunguka bamba moja. Wenzetu wa upande wa pili waliagiza kamba, ni haki yao. Mpishi akawamwaga wale kamba, akawatandaza kwa mwiko bapa wa chuma, na mwiko ule ule, bila kufutwa, akageukia kuku wa mwanangu. Nikayaona mafuta yenyewe yanakuja, yana rangi ya machungwa ya maganda ya kamba, yanatambaa kwenye chuma mpaka yakaingia chini ya kuku. Nikapiga kelele, "Simama hapo hapo! Huyo kuku ni wa mtoto mwenye aleji ya kamba!" Watu wakageuka. Wageuke.

Yule mpishi, kijana mdogo tu, alisimama na mwiko mkononi, uso umembadilika. Hakuambiwa. Nilimuuliza, akaniapia kwamba hakuambiwa kitu, na ninamwamini.

Akaja msimamizi. Hakusalimu. "Madam, moto ule unaua kila kitu." Moto unaua vijidudu. Kinachomdhuru mwanangu ni protini ya kamba, na hiyo haiondoki kwa kuchoma wala kuchemsha wala kukaanga. Nikamweleza taratibu, bado nilikuwa na adabu zangu. Akaniambia hivi ndivyo wanavyopika Wajapani wenyewe. Hao Wajapani anaowasingizia, sheria yao inalazimisha kamba na kaa watajwe kwa jina kwenye vyakula vya paketi, pamoja na mayai, maziwa, ngano na njugu. Upishi huu wa bamba mbele ya mgeni ulianza kwao Kobe mwaka 1945, na maana yake mgeni aone chakula chake kinavyoshughulikiwa. Mimi nimeona, ndiyo maana nikasema.

Ndipo akatoa lile neno. "Sasa kama mtoto ana maradhi ya namna hiyo, si bora mngemlisha nyumbani?"

Mbele yake! Mtoto wa skuli, anasikia, anaelewa. Alikuwa ameshika vile vijiti vya kufundishia watoto, vilivyofungwa mpira juu ili visiachane, na tangu tukae alikuwa akijaribu kudaka leso navyo. Akaviweka chini. Akasema, "Mama, mimi sina njaa." Mtoto aliyeshinda siku nzima akiulizia safari. Mtu mzima, Mswahili mwenzetu, mzazi pengine, anamfanya mtoto aone haya kwa mwili aliopewa na Mungu.

Tulikuwa tunanyanyuka. Aliyetuzuia ni yule mpishi. Akaniomba dakika chache, akaenda jikoni, akaniita mlangoni nione. Kaosha mikono, kavaa glavu mpya, katoa kikaango kilichokuwa hakijatumika usiku ule, kisu na ubao vyengine, akafungua dumu jipya la mafuta ya alizeti. Kuku mwengine, chumvi na ndimu, basi. Akaniletea na chupa ya ile sosi nisome mwenyewe, na ufuta umeandikwa waziwazi. Akaniambia pia kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: ule wali wa kitunguu thomu wa mwisho unakaangwa juu ya bamba hilo hilo, unakunywa kila kilichobaki pale, kwa hiyo mtoto ale wali mweupe wa jikoni. Binti yangu alikula akamaliza. Hapo hasira zilishuka, nikawa najiambia nitawaandikia vizuri. Na nyama ya ng'ombe, niseme haki, ilikuwa laini kweli kweli, kaka mtu alikula mpaka akaegemea kiti.

Kisha ikaletwa askirimu, salamu za msimamizi, ya kuomba radhi. Imenyunyiziwa vimbegu vyeusi juu. Binti yangu ndiye aliyeviona kwanza, akasogeza kibakuli kwa kidole. "Mama, ufuta."

Ufuta mweusi! Baada ya simu, baada ya maswali, baada ya kelele zote zile. Hapo sikupaza sauti, nilishindwa hata kuongea. Baba yao akaomba bili, na kwenye bili yule kuku wa mwanzo yupo, aliyeingiliwa na mafuta ya kamba, tumetozwa kamili. Tukauliza. "Ilishapikwa." Tukalipa tukaondoka, maana watoto walikuwa wamechoka.

Sikuomba jiko la peke yetu. Nilitaka aliyepokea simu amwambie anayepika, basi. Karatasi moja ibandikwe pale anaposimama mpishi. Mhudumu akiwa hajui aseme hajui, aende akatazame chupa. Kikaango safi wanacho, nimekiona kwa macho yangu. Kijana mmoja asiye na cheo alifanya yote hayo kwa muda mfupi, bila kuninunia, na mwenye cheo alishindwa hata kusema pole. Kama mwenye mkahawa anasoma hapa, amtazame kijana yule kwa jicho jengine, na jikoni amsikilize yeye.

Kwa asiye na mtoto wa aleji, nyama yao nzuri, nendeni. Mwenye mtoto kama wangu, kama ni lazima, awahi kabla bamba halijapikiwa watu wengine, aombe kikaango, akatae wali wa mwisho, asome kila chupa... Hapana. Asiende. Si mpaka yule msimamizi amtake radhi mwanangu kwa mdomo wake.