Albamu za rap za 2025 mpaka Agosti: anza na zenye prodyuza mmoja

Naandika haya katikati ya Agosti 2025, na mwaka huu kuna jambo linajirudia mno: albamu kali za rap ni zile ambazo biti, yaani muziki ulio chini ya maneno, zimetoka kwenye mkono mmoja mwanzo mpaka mwisho. Clipse wapo na prodyuza Pharrell. Freddie Gibbs yupo na The Alchemist. Saba yupo na No I.D. Little Simz yupo na Miles Clinton James. Tyler, the Creator anajitengenezea mwenyewe. Ukitoa moja ambayo nitaifikia, zote nilizobaki nazo kwenye simu zimetengenezwa hivyo, na nyingi nilizofuta zina orodha ya maprodyuza ndefu kama daftari la mahudhurio.

Sababu inasikika. Biti za watu kumi na tano zinatoka studio kumi na tano: besi ya wimbo wa pili inatikisa meza, ya wimbo wa tatu haipo, na sauti ya mchanaji, yaani rapa, mara iko mbele mara imezama. Mtu aliye kwenye basi la kwenda Iringa, au anayehudumia wateja Mwanjelwa hapa Mbeya, hawezi kushika simu kila dakika tatu kurekebisha sauti.

Hapa nazungumzia albamu za Marekani na Uingereza tu. Za nyumbani zinastahili andiko lake, hasa kwenye mji huu uliompa mchanaji Sugu ubunge kuanzia 2010 hadi 2020.

Namba moja kwangu ni Clipse, "Let God Sort Em Out", iliyotoka 11 Julai. Nyimbo 13, dakika kama 41. Ukiibonyeza basi linapotoka stendi ya Nane Nane, imeisha kabla ya Igurusi. Clipse ni Pusha T na kaka yake Malice, na hawakuwa wametoa albamu pamoja tangu 2009. Katikati hapo Malice alijiweka kando kwa sababu ya imani, akabadilisha jina na kuwa No Malice, na Pusha akaendelea peke yake. Wengi wataisikiliza kwa ajili ya Pusha. Mimi nasema kaka mtu ndiye aliyeibeba. Anaandika kwa maneno machache, hakimbizi pumzi, na mstari wake ukiisha unajua umeisha.

Wimbo wa kufungua, "The Birds Don't Sing", unahusu wazazi wao waliofariki kwa kupishana miezi michache. Pusha anachukua vesi ya mama, Malice anachukua ya baba, John Legend anaimba kiitikio, na nyuma yao ipo kwaya ya Voices of Fire. Aliyekulia kwenye kwaya za Moraviani kule Rungwe atasikia haraka kwamba kwaya hii haikuwekwa kama pambo: inaingia pale maneno ya mchanaji yanapoishia. Kufungua albamu kwa wimbo mzito namna hii ni kujiamini, maana baada yake wanarudi kwenye biashara yao ya siku zote, unga na magari, na bado hupati hisia kwamba umedanganywa.

"So Be It" imejengwa juu ya sampo, yaani kipande kilichokatwa kwenye wimbo, ya Talal Maddah, mwimbaji mkubwa wa Saudi Arabia. Zile fidla zinavyopanda na kushuka, mtu yeyote aliyezoea taarabu atazipokea kama jirani. Usiisikilizie kwenye spika moja ya bluetooth ya kuning'iniza kwenye bodaboda. Spika ya namna hiyo inaunganisha upande wa kushoto na wa kulia kuwa sauti moja, na vyombo vilivyotandazwa pande mbili vinabanana katikati, vingine vinafifia kabisa. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha. Kisha nenda kwenye "Chains & Whips", ambako Kendrick Lamar anachana. Kwa maelezo ya Pusha T mwenyewe, vesi hiyo ndiyo iliyoleta mvutano na lebo ya Def Jam mpaka Clipse wakaondoka, na albamu ikatoka kwa mgongo wa kampuni ya Roc Nation.

Kasoro ipo. Pharrell anapoacha kutengeneza biti na kuanza kuimba, kama kwenye "So Far Ahead", mwendo unalegea, na asiyependa kusikia habari za kuuza unga atachoka kufikia wimbo wa nane. Tisa kwa kumi.

Ya pili inagombaniwa, lakini naipa "Alfredo 2" ya Freddie Gibbs na The Alchemist, iliyotoka 25 Julai, nyimbo 14. Ya kwanza ilitoka 2020 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Grammy ya albamu bora ya rap. Gibbs anatoka Gary, Indiana, na kazi yake kubwa ni mwendo: anaweza kubadilisha kasi ndani ya mstari mmoja bila kuangusha kina hata kimoja. Sikiliza "1995" kwanza, halafu "Ensalada" yenye Anderson .Paak, halafu "Gold Feet" aliyomo JID.

Albamu hii ndiyo inayolalamikiwa kwamba "haipigi", na tatizo liko kwenye sabufa. The Alchemist anapenda kuacha ngoma nyuma sana, mara nyingine hakuna ngoma kabisa, ni kipande cha muziki wa zamani kinajirudia. Sabufa nyingi za madukani kwetu hutumika zikiwa zimewekwa kwa ajili ya singeli na amapiano: besi juu kabisa, sauti ya katikati imezama. Ukiweka Alfredo 2 hapo utasikia mvumo tu, na Gibbs ananong'ona kama yuko chumba cha pili. Fanya hivi: kitufe cha besi kirudishe katikati au chini kidogo, treble ipandishe kidogo, ekwalaiza ya simu izime. Sauti ya simu iache kwenye asilimia 80 hivi, kiasi kinachobaki ongeza kwenye sabufa yenyewe. Simu nyingi za bei ya chini zikifika mwisho zinakwaruza, na hakuna kitufe cha sabufa kinachoondoa mkwaruzo uliokwisha kuingia. Mwisho angalia zile spika mbili ndogo. Hizo ndizo zinazobeba maneno. Zikiwa nyuma ya mafurushi ya vitenge, albamu yote ya mchanaji mzuri inakwenda kwenye kitambaa.

Tyler, the Creator ana "Don't Tap the Glass", iliyoachiwa Jumatatu, 21 Julai, siku chache tu baada ya kutangazwa. Nyimbo 10, dakika 28. Hii ni ya kucheza, haina hadithi wala fumbo, na yeye mwenyewe anaanza kwa kutoa masharti: mwili utikisike, usikae tuli, mizigo yako iache nyumbani. Kwa saluni, gym au asubuhi ya baridi ya Julai Uyole, hakuna inayoishinda mwaka huu. Rudisha besi yako juu sasa. "Ring Ring Ring" na "Sugar on My Tongue" zinapiga kwenye spika yoyote, hata ile ya bodaboda niliyoisema vibaya hapo juu. Nane kwa kumi. Ukiitafutia maneno ya kuandika ukutani utatoka mikono mitupu.

Little Simz wa London alitoa "Lotus" 6 Juni, baada ya kutengana na prodyuza wake wa muda mrefu. Nyimbo ya kwanza, "Thief", ina hasira wazi. Vyombo ni vya kupigwa kwa mikono, ngoma halisi na gitaa la besi halisi, kwa hiyo hata sauti ikiwa chini bado ina uhai. "Flood" ina Obongjayar wa Nigeria na Moonchild Sanelly wa Afrika Kusini. "Blood" ni maongezi ya simu kati ya ndugu wawili, wanaoigizwa na yeye na Wretch 32, na kwa mwanafunzi wa Kiingereza ndiyo ya kuanzia, maana wanaongea kama watu, taratibu.

Saba na No I.D., wote wa Chicago, wana "From the Private Collection of Saba and No I.D." ya Machi. Ni laini, ya Jumapili mchana. Sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba "head.rap", wimbo kuhusu nywele za mtu mweusi, ni mzuri kuliko mada yake inavyoonekana kwenye karatasi.

Sasa ile inayovunja kanuni yangu. "Golliwog" ya billy woods, ya 9 Mei, ina nyimbo 18 na maprodyuza tele, Kenny Segal, The Alchemist na Preservation wakiwemo, na bado inasimama kama kitu kimoja. Kinachoishika ni mada: kila biti imechaguliwa kwa kutisha. Woods aliishi sehemu ya utoto wake Zimbabwe, baba yake akiwa Mzimbabwe, na Afrika kwenye mistari yake ina majina, siasa na makaburi, haipo kama mapambo ya bendera. "Waterproof Mascara" imejengwa juu ya sauti ya mwanamke anayelia, inajirudia wimbo mzima. Ni kazi ya kipaji cha hali ya juu, na usiipige dukani, wateja watauliza kuna nini. Hii ni ya hedifoni, maneno yakiwa wazi kwenye kioo cha simu, nyimbo tano tano kwa mara moja. Ukizimeza zote 18 kwa mpigo utaichukia bure.

JID na "God Does Like Ugly" ya 8 Agosti ilikuwa bado mbichi nilipoandika haya, wiki moja haitoshi kuipa alama. Kwa kasi ya ulimi hana mpinzani mwaka huu, na "Community", akiwa na Clipse, inastahili kurudiwa. Nusu ya pili inanisumbua, ni kama imekusanywa kutoka sehemu mbalimbali.

Playboi Carti na "MUSIC" ya Machi: nyimbo 30, saa moja na robo. Chukua "Rather Lie" aliyomo The Weeknd na "Good Credit" aliyomo Kendrick, nyingine waachie wenye nafasi kwenye simu.

Tukija kwenye bando. Hesabu ni rahisi ukijua kipimo cha ubora. Spotify ikiwa kwenye ubora wa kawaida, kilobiti 96 kwa sekunde, albamu ya dakika 40 inakula kama MB 29. Kwenye 160 inakula MB 48. Kwenye 320 inafika MB 96. Kwa rap, 160 inatosha. Chini ya hapo zile "s" na "sh" za mchanaji zinaanza kuwa na mchanga, na Gibbs ana "s" nyingi. Pakua albamu nzima kwa bando la usiku au kwenye wifi kabla ya safari. Ukisikiliza moja kwa moja njiani, kwenye kona za milimani mtandao unayumba, programu ikiachwa ijipangie inashusha ubora yenyewe, na utailaumu albamu kwa kosa la mnara. Kumbuka pia kwamba kupakua kwa ajili ya kusikiliza bila mtandao kunahitaji akaunti ya kulipia.

Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya Spotify au Apple Music hazihamii kwenye flash. Zimefungwa kwa programu hiyo. Anayetaka kusikilizia kwenye redio ya gari anahitaji faili lenyewe. "Golliwog" ipo Bandcamp: unalipa kwa kadi, hata ile ya mtandaoni inayotolewa kwenye pesa za simu, kisha unachagua MP3 ya 320 au FLAC, aina ya faili kubwa isiyopunguzwa ubora. Chagua MP3, redio nyingi za magari yetu hazisomi FLAC. Flash nayo iformatiwe kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi hazisomi mfumo wa exFAT, na dereva atakwambia flash imekufa kumbe ni nzima.

Halafu mpangilio. Redio nyingine zinapiga faili kwa alfabeti, nyingine kwa jinsi zilivyonakiliwa. Kwenye vibanda wanaporusha nyimbo kwenye flash, namba za mbele mara nyingi zimeondolewa, na albamu ya Clipse ikipangwa kwa alfabeti inaanza na "Ace Trumpets", wimbo wa kufunga "By the Grace of God" unakuja wa tatu, na "The Birds Don't Sing" unaangukia mwisho kabisa, wa kumi na tatu. Andika 01, 02, 03 mbele ya kila jina, weka kila albamu kwenye folda yake, kisha nakili moja baada ya nyingine kwa kufuata namba, usizikokote zote kwa pamoja. Hapo aina zote mbili za redio zitatii.

Kama gari linabeba abiria, au dukani kuna watoto, tafuta toleo lisilo na alama ya E, ile ya kuonya matusi, pembeni ya jina. Clipse na Tyler matusi yao ni ya mfululizo, na kuna abiria wa Coaster wanaoelewa Kiingereza vizuri kuliko konda anavyodhani.