Mafunzo ya mawasiliano kazini: uzoefu wangu hapa Amu

Ninapokea wageni katika nyumba ya kulala wageni ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, na kwa miaka saba niliamini kwamba kwa kuwa nazungumza vizuri, basi naeleweka. Mwaka jana, siku za Maulidi ya Mfunguo Sita, niliwaandikia wageni wawili kwamba boti ya kuwavusha hadi uwanja wa ndege wa Manda ingekuwa gatini saa 3. Nilikusudia saa tatu asubuhi kwa hesabu yetu. Wao wakasoma saa tisa alasiri. Nahodha alingoja hadi akachoka, nao wako Shela wanatembea ufukweni, na ndege ikawaacha. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma sana.

Ndipo nikajiandikisha katika mafunzo ya jioni ya wiki 6, mara mbili kwa wiki baada ya Isha, kwa shilingi 4,500.

Somo lililonifaa kuliko yote lilikuwa la pili. Mwalimu alitukalisha wawili wawili, tumepeana migongo. Mmoja aeleze njia ya kutoka gatini hadi nyumba fulani, mwenziwe aichore bila kuuliza swali. Nilimwambia mwenzangu apite msikitini kisha akate kushoto. Tulipogeuka, nikakuta ameichora njia vizuri kabisa, ila kwa kuanzia msikiti mwingine, maana katika vichochoro vyetu neno "msikitini" peke yake halimfikishi mtu popote. Hapo mwalimu akatufundisha jambo ambalo sasa nalitumia kila siku: ukishatoa maagizo, usimwulize mtu kama ameelewa, kwa sababu adabu itamfanya aitikie hata kama hakuelewa, mwombe akueleze atakavyofanya. Kwa watu waliolelewa kama sisi, ambao kumwambia mkubwa "sikukuelewa" huonekana ni utovu wa heshima, naliona somo hili lina thamani kuliko ada yote niliyolipa.

Masomo ya wasifu wa kazi na kumbukumbu za mikutano yalikuwa ya kawaida.

Ninalolalamikia ni mifano. Kijitabu kimejaa mameneja, idara na vikao vya bodi, ilhali darasani tulikuwa manahodha, wauza duka na waongoza watalii. Tena kilishauri kwamba katika simu ya kazi mtu aingie moja kwa moja kwenye shida yake. Tulibishana sana juu ya hilo, kwani hapa ukimpigia fundi bila kumjulia hali na kuwauliza watu wa nyumbani kwake, utakuwa umemvunjia heshima kabla hujamtajia kazi. Mwalimu alikubali, lakini kijitabu hakikubadilishwa.

Anayetafuta Kiingereza asiende, hatakipata. Anayehudumia watu, nampendekezea kwa moyo wote.

Juzi nilimpa nahodha yuleyule maagizo, nikamwomba anirudishie. Akasema, "Kesho saa tatu asubuhi, gatini, watu wanne, mizigo sita. Na wao, mwanangu, umewaandikia saa ngapi?" Nikamwonyesha simu: 09:00.