Siku ya Kwanza ya Binti Yangu Darasa la Awali

Shule zilipofunguliwa Januari nilimpeleka binti yangu wa miaka 5 darasa la awali, katika shule moja ya binafsi huku Tabata, Dar es Salaam, nami nikiwa na wasiwasi kumzidi yeye. Mwalimu aliyetupokea mlangoni hakumvuta mkono wala kumwambia anyamaze. Alichuchumaa hadi macho yao yakalingana, akamwuliza jina la mwanasesere aliyemkumbatia, kisha akamruhusu aingie naye darasani. Kwangu mimi, huo ndio ualimu wa watoto wadogo. Darasa ni safi, herufi zimebandikwa ukutani chini chini mtoto anapoweza kuzigusa, na uji wa saa nne ulikuwa wa moto na mzito wa kutosha. Kasoro niliyoiona ni msalani: sinki la kunawia liko juu mno, na dada msaidizi ni mmoja kwa watoto wote, hivyo binti yangu alirudi na sketi iliyolowa. Nilimweleza mwalimu mkuu, na kesho yake nikakuta pamewekwa vigoda viwili. Ada si ndogo, lakini nitailipa tena muhula ujao, kwa maana jioni ile mtoto alikataa kabisa kuvua sare.