Kitabu cha namba za besiboli, soko la Mlango Mmoja, elfu saba (Cy Young hayumo)

Jamani nianze na uzito, maana huyu muuza vitabu vya mtumba alivyoniona nakikodolea macho akaniambia bosi hiki elfu kumi na tano, si unaona unene wake, ni kama unachukua viwili. Nikamwambia kama tunauziana uzito twende kwa yule mama wa dagaa tukapime. Tukapima kweli! Kilo mbili na robo, mama kacheka mpaka mzani ukawa unatikisika, jamaa akashuka mpaka saba.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, timu ya Pamba na uwanja wa Kirumba, besiboli nilifundishwa na Mjapani mmoja wa kujitolea aliyekuwa shule ya jirani na kwetu, ila namba ndo ugonjwa wangu. Kitabu ni cha Marekani, majedwali mwanzo mwisho, kinaishia msimu wa 1988, na maandishi ni sisimizi watupu, bila tochi ya simu husomi. Utamu uko nyuma kwa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, kila mtu na mistari yake mwaka kwa mwaka, kashinda ngapi, kapoteza ngapi, wapigaji wangapi kawatoa kwa straiki tatu.

Mchukue Walter Johnson wa Washington, 1907 mpaka 1927. Ushindi 417, na mechi 110 alizorusha mwenyewe mwanzo mwisho bila kuruhusu hata pointi moja, yaani klinishiti 110, nimerudia huo mstari kama mara nne nikidhani tochi inanidanganya. Halafu Bob Gibson wa St. Louis, 1968, wastani wa kufungwa 1.12 na klinishiti 13, lakini bado kapoteza mechi 9! Maana yake huku nyuma unazuia, mbele wenzako hawafungi, watu wa Pamba hatuhitaji kuelezwa hiyo. Mwaka ule wapigaji waliteseka karibu timu zote, 1969 wakubwa wakakishusha kile kituta anachosimama mrushaji, kutoka inchi 15 mpaka 10. Ni sawa na TFF waone magoli yamekuwa machache waamue kupanua milingoti.

Nolan Ryan kitabu kimemwacha njiani, humu ana straiki-auti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) 4,775, kumbe mzee aliendelea mpaka 1993 akafika 5,714. Hilo simlaumu mtu, kitabu hakipigi ramli.

Kilichoniuma ni Satchel Paige. Humu ana ushindi 28 tu, kapoteza 31, ukisoma haraka utasema wa kawaida huyu. Wakati ligi kubwa ya Marekani ilimruhusu kuingia 1948 akiwa na miaka 42, sababu ni mweusi! Miaka yote aliyowanyanyasa watu kwenye ligi za weusi humu haipo, hata mstari mmoja, na hizo takwimu ligi kubwa imekuja kuzijumlisha rasmi 2024, mwenyewe alishafariki tangu 1982. Kwa hiyo ukikinunua, ukurasa wake usome kwa akili.

Sasa kasoro ya muuzaji. Majina yamepangwa kwa alfabeti, nikafika W nikasema sasa namsogelea Cy Young mwenyewe, ushindi 511, ambaye tuzo ya mrushaji bora imepewa jina lake, nafungua hivi, nakuta jalada. Kurasa za mwisho zimenyofolewa! Kurudi kwa jamaa ananijibu bila aibu, aah bosi, hizo zilikuwa zimelegea nikampa dada wa karanga afungie. 511 zimeenda na karanga za mia mbili mbili, na hela hakurudisha.

Kitabu nne kati ya tano, muuzaji moja, na hiyo moja ni kwa sababu alikubali kupima. Ila kama ulinunua karanga Mlango Mmoja hivi karibuni na kikaratasi kina namba namba, usitupe ndugu yangu, kipige picha unitumie hata kama kina mafuta.