Sanriku au Ise-Shima: uende pwani ipi ya Japani?

Zote mbili ni pwani za ghuba nyembamba, ambako bahari ilifunika mabonde ya kale ya milima. Kwa urahisi wa kufika, Ise-Shima inashinda bila ubishi: treni kutoka Nagoya hufika mji wa Ise kwa takriban saa moja na nusu. Kwenda Sanriku, kaskazini mashariki, unapanda treni ya mwendokasi kutoka Tokyo hadi Morioka, kisha saa mbili hivi zaidi hadi Miyako. Nauli nayo hupanda.

Kiuchumi, Ise-Shima ni lulu. Hapo ndipo Mikimoto Kokichi alipofanikiwa kukuza lulu ndani ya chaza mwaka 1893, na wanawake wapiga mbizi, waitwao “ama” kwa Kijapani, bado huzamia bila mtungi wa hewa. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20; zamu ijayo ni 2033.

Sanriku huishi kwa samaki, mwani na chaza, kwa kuwa mkondo baridi na wa joto hukutana baharini huko. Tsunami ya Machi 11, 2011 iliibomoa. Katika mji wa Rikuzentakata ulibaki msonobari mmoja tu kati ya takriban 70,000 ya ufukweni, na kwangu hakuna mahali Japani panapostahili zaidi kusimama kimya.

Mwenye siku mbili na watoto, Ise-Shima. Mwenye wiki na miguu ya kutembea, Sanriku: njia yake ya miguu inapita kilomita 1,000.