Seva ya nyumbani ya kuhifadhi video: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Napiga video za harusi Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kila mara na wenzangu wa kazi ni hili: "Kaka, mizigo yote hii unaiweka wapi?" Swali ni halali. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili kwa saa sita ni gigabaiti 540, na hapo bado hujaweka sendofu wala kicheni pati. Wikendi yenye shughuli mbili imeshamaliza terabaiti moja. Wengi wetu tunaishia na droo iliyojaa diski ndogo za nje, kila moja na karatasi yake ya gundi, na siku bibi harusi anapopiga simu baada ya miaka mitatu kuomba nakala, diski yake ndiyo inayogonga "tik, tik, tik" na kugoma kufunguka. Mimi limenipata. Kumwambia mtu kwamba sauti ya marehemu baba yake akimpa nasaha haipo tena ni jambo ambalo sitaki kulirudia.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kujenga seva yenye diski nyingi, kuanzia nane hivi, ya kukaa nyumbani au ofisini. Nimepanga machaguo kuanzia ninaloliamini zaidi. Jambo moja lishike kabla hujatoa hela: unachonunua hasa ni diski na umeme safi wa kuziendesha. Boksi ni banda tu. Anayemaliza bajeti kwenye boksi la kung'aa akabaki na hela ya diski mbili ameanza na paa kabla ya msingi.

Chaguo la kwanza: mnara wa kujijengea mwenyewe

Tafuta kesi ya kawaida ya ATX yenye vyumba vingi vya diski za inchi 3.5. Fractal Design Define R5 ina vinane, lakini huku kwetu haipatikani kirahisi. Kesi kubwa za zamani za wacheza gemu, zile zenye matundu mengi ya sidii kwa mbele, zinafaa vilevile, kwa sababu matundu matatu yaliyofuatana yanapokea kikasha cha kubebea diski tano. Ndani weka mazabodi ya kawaida na prosesa ya Intel Core i3 au i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu, yenye picha za ndani, yaani chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa hiyo inabadilisha video ya HEVC ya biti 10 kwa Jellyfin, programu ya kurushia video kwenye TV na simu za nyumbani, bila jasho, wala huhitaji kadi ya picha.

Onyo kuhusu kompyuta za ofisini za mtumba, HP EliteDesk na Dell OptiPlex, zilizojaa madukani Kariakoo. Ni mashine nzuri na bei yake ni chee. Kwa diski mbili au tatu, chukua. Kwa nane, hapana: nyingi zina pawa saplai yenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuingiza nyingine kubwa bila kuunga adapta, na zile ndogo za SFF hazina hata mahali pa kuweka diski ya tatu.

Mazabodi nyingi zina matundu manne hadi sita tu ya SATA, yale ya kuchomekea diski. Hapo ndipo inapoingia kadi ya HBA, kadi ya kuongezea matundu ya diski. Ninayoipenda ni LSI 9207-8i: inabeba diski nane kwa kebo mbili, kila kebo ikigawanyika mara nne. Za zamani zaidi kama 9211-8i, au Dell H310 na IBM M1015, nazo ni nzuri, lakini mara nyingi lazima ubadilishe programu yake ya ndani iwe ya aina ya IT, ili kadi iache kujifanya bosi wa RAID (kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja) na ikabidhi diski kwa mfumo wako zikiwa wazi. Kadi hizi zimetengenezwa kwa seva zenye upepo mkali, kwa hiyo ndani ya mnara wa nyumbani zinachemka. Funga feni ndogo ya milimita 40 juu ya bati lake la kupoza kwa vibanio viwili vya plastiki. Usiliache hilo kwa kesho, maana kadi iliyopata joto inatoa makosa yanayofanana kabisa na diski mbovu, nawe unatupa diski nzima isiyo na kosa.

Chaguo la pili: seva ya mnara iliyotumika

Dell PowerEdge T330, ile yenye vyumba vinane vya mbele, ni mfano wa kile ninachokisema. Unavuta kishikio, diski inatoka, unaingiza nyingine, hakuna skrubu hata moja ya kutafuta chini ya meza. Kumbukumbu zake ni za ECC, zinazojisahihisha makosa, na sauti yake inavumilika. Udhaifu wake ni kwamba haina picha za ndani za kubadilisha video, kwa hiyo inafaa zaidi kwa kuhifadhi kuliko kurushia familia nzima filamu. Ukiiona na vibebeo vyake vyote vinane, nunua. Ikikosa vibebeo, punguza bei, kwa sababu utavitafuta kimoja kimoja.

Chaguo la tatu: boksi la NAS lililo tayari

NAS ni boksi la diski linalounganishwa kwenye mtandao wa nyumbani: Synology, QNAP, Asustor, TerraMaster. Kwa mtu asiyetaka kabisa kushika bisibisi hili ndilo chaguo sahihi, na simlaumu. Inakula umeme kidogo, simu zinaungana nayo dakika hiyo hiyo. Ila bei ya la vyumba vinane, tupu, inaweza kukununulia mnara mzima pamoja na diski kadhaa. Angalia pia kwamba mwaka 2025 Synology ilitoa mashine za mfululizo wa Plus zilizotaka diski za chapa yake yenyewe, kisha mwaka huo huo ikalegeza sharti hilo kwa toleo la 7.3 la DSM, mfumo wake wa uendeshaji. Ukinunua, hakikisha imesasishwa hadi toleo hilo kabla hujaijaza diski za kampuni nyingine.

La nne na la tano, kwa haraka

Seva za raki za mtumba, zile bapa na ndefu: usinunue kwa ajili ya nyumbani. Feni zake zinalia kama mashine ya kusaga, na umeme wake nitauonyesha chini.

Msururu wa diski za nje kwenye kigawanyio cha USB: hapana kabisa. USB ikikatika sekunde moja mfumo unaona diski imekufa. Tena diski nyingi ndogo za nje za WD zina USB iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo hata ukizipasua huzihamishi popote.

Sasa diski, maana hapa ndipo hela inapokwenda

Kwanza, CMR au SMR, njia mbili za kuandika data kwenye diski. Diski ya CMR huandika mistari bila kulaliana. Diski ya SMR huandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, inabidi iandike upya na majirani zake. Kwa kusoma hutaona tofauti. Siku ya kujenga upya baada ya diski moja kufa, ndiyo inayokuvunja moyo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR, na tangu hapo anayetaka CMR anachukua Red Plus au Red Pro. Seagate IronWolf ni CMR, Toshiba N300 ni CMR. Seagate BarraCuda za terabaiti 4 na 8 ni SMR: hizo ziache.

Upangaji wangu ni huu. Juu kabisa naweka diski za vituo vya data, Seagate Exos, WD Ultrastar na Toshiba MG, hasa zilizojazwa heliamu. Zimezibwa zisipitishe hewa hata kidogo, na kwa sisi wa pwani, ambao unyevu na chumvi vinatafuna kila kitu mpaka bawaba za mlango, hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni kelele za kukwaruza wakati wa kazi. Zinafuata IronWolf, Red Plus na N300. Nafasi ya tatu nawapa WD Purple na Seagate SkyHawk, diski za kamera za ulinzi. Ziko kila duka kwa sababu kila mtu anafunga kamera, na kwa kuhifadhi video zinafanya kazi vizuri.

Ukubwa je? Gawanya bei kwa terabaiti, kisha kumbuka kila chumba nacho kina gharama yake: tundu, kebo, umeme. Diski nne za terabaiti 12 kwangu ni bora kuliko kumi na mbili za terabaiti 4, hata zikilingana bei.

Diski za SAS, zile za seva kubwa, za mtumba zinauzwa rahisi na zinashawishi. Hazitaingia kwenye tundu la SATA, zinahitaji HBA. Baadhi zimepangwa kwa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) za baiti 520, na mpaka uzipange upya kuwa 512 kompyuta haitazitumia.

Kaunta ya duka

Nenda na laptopu yenye Linux na kitako cha kuunganishia diski. Usione haya. Niliwahi kuambiwa na muuzaji, "Kaka, hii mpya, ya boksi, hata plastiki sijatoa." Plastiki kweli ilikuwepo. Nikachomeka, nikaendesha smartctl, amri inayosoma ripoti ya afya ya diski, saa za kazi zikasoma sifuri. Nikaongeza amri moja, smartctl -l farm, ambayo kwa diski za Seagate inasoma kumbukumbu nyingine ya ndani, tofauti na ile ya kawaida. Ikasema diski imeshatembea zaidi ya saa 20,000. Nilimgeuzia kioo aone mwenyewe, tukaachana kwa salama, hela yangu mfukoni. Ujanja huu uligunduliwa kwa wingi Ulaya mwanzoni mwa 2025, diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya. Unahitaji smartmontools, kifurushi chenye smartctl, toleo la 7.4 au jipya zaidi.

Kwa diski iliyotumika kihalali, saa nyingi peke yake hazinitishi. Ninachotazama kwenye ripoti ya smartctl ni namba 5, sekta zilizohamishwa, na namba 197 na 198, sekta zinazosubiri na zisizosomeka. Zikiwa sifuri zote tatu, tunaongea bei. Zisipokuwa sifuri, rudisha. Namba 199 ikipanda, mara nyingi ni kebo, si diski.

Na kuna hili linalowaliza wengi: diski ya kituo cha data unaichomeka, haizunguki kabisa, kimya. Mara nyingi haijafa. Pini ya tatu ya plagi ya umeme, ya volti 3.3, kwenye diski hizi imepewa kazi ya kuizima diski. Kata kipande chembamba cha utepe wa Kapton, ule wa rangi ya asali, ufunike pini tatu za kwanza, bonyeza kwa ukucha ushike, kisha chomeka. Inaamka.

Umeme

Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Nane kwa pamoja ni ampea 16, yaani wati 192, kabla hata prosesa haijaamka. Pawa saplai ya wati 240 haiwezi. Nunua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, Corsair au Seasonic, na zile zisizo na jina zenye stika ya "wati 600" na uzito wa mkate ziache hapo hapo.

Bili ya LUKU haitishi ukichagua vizuri. Mnara wenye diski nane unakaa kwenye wati 70 hivi, sawa na uniti 50 kwa mwezi. Kwa uniti ya shilingi 350 na ushee, ni kama 18,000. Seva ya raki ya prosesa mbili ikikaa kwenye wati 180 inakula uniti 130, zaidi ya 45,000 kila mwezi. Ndani ya mwaka mmoja tofauti hiyo imeshapita laki tatu.

UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, si pambo. Inunue siku moja na diski, yenye waya wa USB wa kuungana na seva, uweke programu ya NUT ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Mfumo, na nakala

Kama unanunua diski moja moja kila unapolipwa, ambavyo ndivyo tunavyoishi wengi, tumia Unraid, ambayo leseni yake ni ya kulipia, au OpenMediaVault yenye SnapRAID na mergerfs, ambazo ni bure. Diski ya pariti, ile inayobeba hesabu za kurudisha data ya diski iliyokufa, lazima iwe sawa na ile kubwa kuliko zote au izidi, basi inunue kubwa mwanzoni. Mifumo hii nina sababu ya kuipenda: hata zikifa diski nyingi kuliko pariti zako, zilizobaki zinasomeka kila moja peke yake. Ukiwa na hela ya diski zote kwa mpigo, chukua TrueNAS na RAIDZ2, inayostahimili vifo viwili. Kujaza upya diski ya terabaiti 12 kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni takriban saa 17, na katika saa hizo sitaki kutegemea diski moja tu ya ulinzi.

Pariti haikulindi na mwizi, moto, wala kidole kilichofuta folda. Harusi zote nilizokabidhi ziko pia kwenye diski mbili kwa dada yangu Morogoro, na kila nikienda nabadilishana naye.

Diski mpya siipi video ya mtu siku ya kwanza. Naiandika yote na kuisoma yote kwa badblocks, ambayo kwa terabaiti 12 ni siku moja na nusu, huku feni ya mbele ikiishikilia chini ya nyuzi joto 45. Kisha narudia kuangalia namba 5, 197 na 198. Zikibaki sifuri, naandika tarehe na namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) kwa kalamu ya maka kwenye ubavu unaoonekana kesi ikifunguliwa, ndipo naisukuma chumbani kwake.