Kusomea unesi nikiwa kazini: uzoefu wangu na MassReconnect

Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, katika nyumba ya wazee hapa Lowell, Massachusetts, shifti ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Wakenya wengi wa mji huu wameanzia hapo. Kutoka hapo hadi RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ndiko kugumu, maana kodi haingoji, na nyumbani kuna mtu anangoja karo pia.

Shule ya kwanza niliyoiendea ilikuwa ya kibinafsi. Walitaka nitie sahihi mkopo siku ile ile, karo ya LPN (muuguzi wa ngazi ya chini ya RN) ikiwa makumi ya maelfu ya dola. Niliondoka. Dada mmoja wa kanisani, ambaye tayari ni RN, ndiye aliyenielekeza chuo cha jamii (community college) kupitia MassReconnect, na hadi leo namshukuru.

Mpango huu wa jimbo ulianza 2023 kwa wakazi wa miaka 25 na zaidi wasio na digrii. 2024 jimbo likawafungulia milango walio chini ya umri huo pia, kwa mpango wa MassEducate. Unajaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo; Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, ikipatikana inatumika kwanza, kisha jimbo linamaliza karo na ada zilizobaki. Vitabu vina posho yake. Uwe umeishi Massachusetts mwaka mzima, na uchukue angalau krediti 6 kwa muhula, kiasi ambacho mtu wa kazi ya kutwa anakimudu. Nina grini kadi, hivyo FAFSA ilipita. Mwenye viza ya mwanafunzi asiitegemee.

Karo kulipwa si kupata nafasi darasani. Utapita kwanza Anatomia na Fiziolojia zote mbili, Maikrobiolojia, halafu TEAS, mtihani wa kuingia shule ya uuguzi, na alama ziwe za kushindana. Anatomia niliipenda kwa sababu ilinifuata kazini: saa nane za usiku namgeuza mzee ubavu, huku nataja kimoyomoyo kifandugu, nyonga, kisigino, kwa majina yake ya darasani, kwani ndipo vidonda vya kulala sana vinapoanzia.

Jiandae na hesabu za dawa. Daktari ameagiza miligramu 500, chupa imeandikwa 250 kwa kila mililita 5; unampa mililita 10. Hiyo ndiyo rahisi. Baadaye zinakuja za dripu na za uzito wa mtoto, na chuoni kwetu ukianguka hukanyagi wodi.

Kinachoniudhi ni ratiba ya mafunzo ya wodini. Inatolewa kwa kuchelewa, na mara nyingi ni asubuhi siku za kazi. Ilibidi niombe shifti za wikendi, na meneja mwingine angekataa. Sare, chanjo na ada ya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, pia nimeziwekea akiba. Uliza mwajiri wako kama anasaidia masomo: hadi dola 5,250 kwa mwaka hazikatwi kodi ya serikali kuu.

Popote utakapoenda, hakikisha shule imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, uangalie na asilimia ya wanaofaulu NCLEX, bodi huichapisha. Na kama hata CNA bado hujafanya, usilipie haraka. Nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hairuhusiwi kumtoza mfanyakazi wake mafunzo hayo, kwa hiyo omba kazi kwanza, uulize darasa lao linaanza lini.